Pampu ni ya mkulima, ufunguo uko kwa nani?

KILA Jumamosi mnada wa Msalato, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha, huwakusanya wafugaji, wakulima, mafundi na wachuuzi kutoka pande zote za Dodoma. Wengi huja kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na nyama choma. Sheria moja ya biashara inaonekana wazi mahali pale bila kuandikwa popote: anayenunua kitu anaondoka nacho chote. Ng'ombe aliyelipiwa hana mtu wa tatu mjini anayeweza kumzuia asitembee.

Hali ni hiyo hiyo kwa zana za kale. Jembe la kukokotwa na ng'ombe likiisha ulimi, mwenye nalo hahangaiki kumtafuta aliyelitengeneza. Kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichokuwa jina kubwa la majembe nchini, kiliyumba miaka mingi iliyopita, lakini majembe yake hayakugoma siku hiyo. Mhunzi alifua ulimi mwingine, boliti zikakaza, kazi ikaendelea.

Sasa zimekuja zana za aina nyingine. Ni pampu za umeme wa jua zenye laini ya simu ndani yake, mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, pikipiki na bajaji za umeme, na chaja zake. Nyingi ni zana nzuri. Tatizo ni kwamba baadhi yake huuzwa mwili bila roho: mkulima anapewa chuma, na akili inayokiendesha inabaki katika kompyuta ya kampuni iliyo mbali. Kampuni ikifunga milango, chuma kinabaki shambani na akili inaondoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Marekani na Kanada mwaka 2024, na hauhusu kilimo. Unahusu chaja za magari za nyumbani zinazoitwa JuiceBox. Mkulima wa zabibu wa Msalato au Makutupora anaweza kujiuliza gari la umeme la Mmarekani linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu kilichokuwa ndani ya sanduku lile ukutani ni ndugu wa karibu wa kilichomo ndani ya kontrola ya pampu yake.

Chaja ya JuiceBox ilianza mwaka 2013 katika kampuni changa ya California, eMotorWerks, kwa michango ya watu waliotaka kuinunua kabla haijatengenezwa. Michoro ya matoleo ya mwanzo ilikuwa wazi kwa yeyote. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilinunuliwa na Enel, kampuni kubwa ya umeme ya Italia. Chaja zikaunganishwa na intaneti, zikapata programu ya simu, na mwenye gari akaweza kupanga saa za kuchaji usiku umeme unapokuwa rahisi.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024, tawi la Enel lililokuwa likiendesha biashara hiyo, Enel X Way, lilitangaza kufunga shughuli zake Marekani na Kanada kuanzia Oktoba 11. Wateja walipewa siku chache tu. Chaja za nyumbani ziliambiwa zitaendelea kutoa umeme, lakini bila programu wala huduma. Zile za biashara, ambazo haziwezi kufanya kazi bila kompyuta kuu ya kampuni, zilikuwa katika hali mbaya zaidi. Hakuna waya uliokuwa umekatika wala fyuzi iliyoungua.

Mafundi hawakukaa kulia. Walifungua masanduku, na walichokikuta kinafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo penye somo la kiuchumi.

Sanduku linaloitwa chaja ya gari, kwa kweli, si chaja. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme wa nyumba kuwa wa kuingia kwenye betri, imo ndani ya gari. Sanduku la ukutani ni swichi kubwa yenye adabu. Ndani yake kuna rilei nene ya kuruhusu na kukata umeme, koili ya kugundua kama umeme unavuja hata kwa kiasi kidogo cha sehemu 20 kati ya 1,000 za ampea moja, kebo, plagi, na bodi ndogo ya kuongea na gari.

Mazungumzo hayo ni rahisi ajabu. Bodi hupeleka kwenye gari mapigo 1,000 kwa sekunde, yakipanda volti 12 juu na kushuka volti 12 chini. Gari likichomekwa, upande wa juu hushuka hadi volti 9; likiwa tayari kupokea, hushuka hadi 6. Upana wa pigo ndio unaolieleza gari kiasi cha umeme kilichopo. Pigo likichukua nusu ya muda wake, maana yake ni ampea 30. Hayo yote yameandikwa katika kiwango kinachojulikana kama J1772, na kila mtengenezaji wa magari na chaja wa Marekani na Japani anakifuata. Nissan Leaf zilizotumika zinazotoka Japani huongea lugha hiyo hiyo.

Kwa sababu lugha ni ya wote, ubongo wa sanduku unaweza kubadilishwa. Tangu mwaka 2011 kumekuwapo mradi wa OpenEVSE, ambao hutoa michoro ya bodi na programu yake bila kificho. Anayetaka hununua bodi iliyo tayari, na mwenye ujuzi hujitengenezea. Wenye JuiceBox waling'oa bodi ya kampuni iliyoondoka, wakaacha sanduku, rilei na kebo ya bei mbaya mahali pake, wakaweka bodi huria. Chaja ikarudi kazini, safari hii ikiongozwa na kompyuta iliyomo ndani ya nyumba ya mwenye chaja. Wengine hawakugusa hata skrubu: waliandika programu ya kuidanganya chaja iamini kwamba bado inaongea na kampuni yake.

Kwa macho ya mchumi, kilichookolewa hapo ni ile sehemu ya mtaji iliyokuwa nzima. Bodi ni sehemu ndogo ya gharama. Shaba ya kebo, rilei, sanduku lisiloingiza maji na kazi ya fundi wa kuliweka ukutani ndivyo vilivyogharimu. Kutupa vyote hivyo kwa sababu kompyuta ya mbali imezimwa ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu kamba yake imekatika.

Turudi Dodoma. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe si ya kutegemea. Zabibu, hata hivyo, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanategemea maji ya kisima na umwagiliaji wa matone. Ndiyo maana pampu ya sola imekuwa neno la kila siku kwa wakulima wa Hombolo, Makutupora na Msalato. Dizeli ni ghali, nguzo ya umeme haifiki kila shamba, na jua la Dodoma halina upungufu.

Pampu hiyo ina sehemu tatu kubwa: paneli, mota iliyo kisimani, na kontrola katikati yake. Paneli nzuri huahidiwa miaka 20 hadi 25. Mota ikitunzwa na maji yakiwa hayana mchanga hudumu miaka mingi. Kontrola ndiyo dhaifu, kwa joto, kwa radi na kwa wadudu wanaopenda kulala ndani yake. Na kampuni iliyoiuza, kwa uzoefu wa biashara hii, mara nyingi ni dhaifu kuliko kontrola.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mkulima ananunua pampu kamili kwa Sh3 milioni. Ikifanya kazi miaka 10, maji yanamgharimu Sh300,000 kwa mwaka ukiacha matengenezo madogo. Kampuni ikifa mwaka wa tatu na kontrola ikajifunga, gharama inakuwa Sh1 milioni kwa mwaka, na bado anadaiwa maji na mizabibu. Lakini kama kontrola inaweza kubadilishwa na nyingine ya aina yoyote kwa Sh500,000, pamoja na kazi ya fundi, pampu inafika miaka 10 kwa Sh350,000 kwa mwaka. Hakuna mbegu bora wala mbolea inayoweza kumpa mkulima huyo tofauti ya Sh650,000 kwa mwaka kwa kuuliza swali moja tu dukani.

Swali lenyewe ni hili: mota hii inaweza kuendeshwa na kontrola ya kampuni nyingine?

Jibu hutofautiana sana. Pampu zenye mota ya kawaida ya fezi tatu huweza kuendeshwa na inveta ya sola ya mtengenezaji yeyote, alimradi volti na nguvu vinalingana. Zile zenye mota isiyo na brashi, ambazo kwa haki zina ufanisi mkubwa na hutumia paneli chache, nyingi huhitaji kontrola yake yenyewe. Inawezekana kuzifufua kwa kontrola nyingine, lakini fundi anahitaji kujua volti, idadi ya nguzo za sumaku na kama kuna kihisi ndani. Taarifa hizo zikiwa zimebandikwa kwenye mota, kazi ni ya siku moja. Zikiwa siri ya kampuni, fundi anabahatisha, na kubahatisha ndiko kunakounguza mota.

Hapa wauzaji wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa. Kufuli ndani ya kontrola haikuwekwa kwa uchoyo tu. Mkulima mdogo hana hati ya nyumba wala ya shamba ya kuweka benki. Kampuni inampa pampu au taa kwa malipo ya awali kidogo, naye analipa kwa simu. Asipolipa, mtambo unajizima. Kufuli ndiyo dhamana. Iondolewe leo, na mikopo ya aina hiyo itatoweka kesho, na atakayeumia si mwenye trekta.

Lakini dhamana ina mwisho wake. Mkopo ukiisha, kufuli inapaswa kufunguka na kubaki wazi. Na mkopeshaji akifa kabla ya mkopo kuisha, sheria ya kufilisika inashughulikia deni. Haijawahi kusema kwamba maji yakauke.

Ikumbukwe kwamba jambo hili limeshagusa Tanzania. Kampuni ya Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa imejikita Arusha na kuuza mitambo ya sola ya majumbani Tanzania, Kenya na Rwanda kwa malipo ya simu, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2019. Ilipata mnunuzi mwaka huo huo, Engie ya Ufaransa, na biashara ikaendelea. Ilikuwa bahati. Mpango wa kaya nyingi kupata mwanga haupaswi kutegemea bahati ya aina hiyo, na kila mwenye mtambo uliofungwa kwa namba za simu alikuwa na sababu ya kujiuliza nini kingetokea kama mnunuzi asingejitokeza.

Dawa ya kufuli ipo, na Mtanzania anaitumia kila wiki bila kuifikiria. Mita ya LUKU ni kufuli. Asiyelipa hapati umeme. Hata hivyo mita za watengenezaji mbalimbali hupokea namba za tarakimu 20 zinazofuata kiwango kimoja cha kimataifa, na TANESCO haifungwi na kiwanda kimoja. Kiwango hicho kilipofikia kikomo cha hesabu ya tarehe Novemba 24, 2024, wateja walitakiwa kuingiza tarakimu 20 za kwanza, kisha 20 za pili, ndipo waingize za umeme. Kulikuwa na manung'uniko na foleni za simu za huduma. Lakini mita ziliendelea kufanya kazi bila kujali kama aliyezitengeneza yupo au hayupo.

Kwa mitambo ya sola kumekuwapo kitu cha namna hiyo kwa miaka kadhaa sasa, OpenPAYGO Token, kilichotolewa huria na kampuni ya Solaris Offgrid, iliyowahi kufanya kazi Tanzania, kwa kushirikiana na taasisi ya EnAccess. Kinatengeneza namba za malipo kama za LUKU, mtambo unazipokea bila kuhitaji mtandao, na michoro iko wazi. Muuzaji anabaki na dhamana yake. Akiondoka, mwingine mwenye funguo za mitambo ile anaweza kuendelea kutoa namba. Hoja kwamba kufuli lazima iwe siri ya kampuni moja haina mguu wa kusimamia.

Kinachokosekana ni mnunuzi mkubwa wa kudai hayo. Mkulima mmoja mbele ya kaunta hana nguvu. Wenye nguvu ni wanaotoa ruzuku na wanaonunua kwa wingi: Wakala wa Nishati Vijijini (REA), Wizara ya Kilimo kupitia mashamba ya pamoja ya vijana yaliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023 chini ya mpango wa BBT, halmashauri, na miradi ya wafadhili. Masharti yanayofaa kuingia katika zabuni zao si mengi wala magumu. Mota iwe na bango la taarifa zake. Kontrola iwe na mchoro wa miunganisho unaotolewa kwa mnunuzi. Funguo za kufuli ziwekwe kwa mtu wa tatu, benki au wakala wa serikali, zitolewe siku kampuni inapofunga. CAMARTEC ya Arusha, ambayo kazi yake ni pamoja na kupima zana za kilimo, iongeze jaribio moja: izime intaneti na kompyuta ya muuzaji, kisha ione kama maji bado yanatoka.

Wapo watakaosema masharti yataongeza bei. Yataongeza kidogo. Kuchapa bango na mchoro ni gharama ya karatasi. Kutunza funguo ni gharama ya ofisi. Muuzaji anayelalamika zaidi ya hapo pengine biashara yake si kuuza pampu, ni kuuza utegemezi.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya usalama, na hiyo isemwe bila kupaka rangi. Paneli zilizounganishwa mfululizo hutoa volti mia kadhaa za umeme usiobadili mwelekeo, ambao ukianza kuruka cheche hauzimiki kirahisi kama wa nyumbani. Chaja ya gari ya ampea 30 hupitisha karibu kilowati 7 kwa saa nyingi mfululizo. Kiungio kilicholegea kitayeyuka usiku watu wakiwa wamelala. Bodi huria iliyofungwa na kijana aliyetazama picha mbili kwenye simu inaweza kuua. Waliofufua JuiceBox kwa mafanikio hawakuondoa ile koili ya kugundua umeme unaovuja. Atakayeiondoa ili mtambo uache kujizima ovyo amegeuza chaja kuwa mtego.

Kwa hiyo bodi huria bila fundi ni nusu ya dawa. Dodoma ina chuo cha VETA, ina SIDO, ina Chuo Kikuu cha Dodoma. Ina pia mafundi redio wa mitaani ambao wamefufua televisheni na simu kwa miaka, na ambao hakuna aliyewafundisha kipimo cha umeme wa sola wala jinsi ya kupata leseni ya ufundi umeme ya EWURA. Kozi fupi ya kufungua kontrola tano za aina tofauti, kuchora kilichomo na kuzirudisha kazini ingewafaa kuliko semina nyingine ya ujasiriamali yenye chai na vitafunwa.

Haitoshi pia kusema michoro ni bure. Bodi yenyewe hutoka nje, hulipiwa kwa fedha za kigeni, hupita forodhani, na mara nyingi fundi anayeagiza bodi tatu kwa ajili ya wateja watatu hulipa usafiri unaozidi bei ya bodi. Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kinachoweza kuagiza shehena ya viuatilifu kinaweza kuagiza kontrola 20 za akiba na kuziweka ghalani. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji wanachama wawe na pampu zinazokubali kontrola ya aina moja, na hapo mjadala unarudi kwenye swali la dukani.

Msalato yenyewe inabadilika haraka. Uwanja wa ndege wa kimataifa, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022 na wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, umefanya viwanja na mashamba ya jirani yapande bei. Nyumba zinajengwa, na zitakuja na chaja za magari ukutani. Mashamba yaliyobaki yatalazimika kuzalisha zaidi kwa ekari, na zitakuja pampu nyingi. Wauzaji wa vyote viwili watafika na makaratasi ya kung'aa na miaka miwili ya dhamana.

Mkulima anayepanga kumwagilia kwa ajili ya mavuno ya Agosti anafanya ununuzi wake mapema, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Dukani asiishie kuuliza bei na idadi ya lita kwa saa. Amwombe muuzaji azime simu yake, achomoe laini iliyomo ndani ya kontrola, kisha awashe pampu mbele yake. Kama mtambo ni wa mkopo, aulize ni tarehe gani kufuli itafunguka kabisa, na ataipata wapi namba ya mwisho kama ofisi hiyo haitakuwapo. Majibu yaandikwe kwenye risiti.